Kaka kalazwa Moshi, homa haishuki na wanasema si malaria. Nimtoe?

Mtoto wa Kibosho
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka, matusi wekeni pembeni kwanza.

Kaka yangu kalazwa hospitali moja kubwa hapa Moshi tangu Jumapili. Homa inapanda jioni, anatetemeka hadi kitanda kinalia, usiku jasho tunabadilisha shuka, asubuhi anaomba mtori kama hana tatizo. Kiuno na viungo vinamuuma, kichwa ndiyo usiseme. Kabla ya hapo zahanati moja mtaani ilimkuta na malaria wadudu wawili na taifodi 1:160. Akamaliza dozi ya mseto, na sindano za taifodi juu yake. Hapa wamepima, wanasema malaria hakuna. Wamechukua damu ya kuotesha waone kama ina vimelea, kila nikiuliza naambiwa tusubiri. Bili haisubiri.

Nimtoe nimrudishe kule walikoiona malaria, au nimkimbize Arusha? Sijalala.

Meku Mstaafu
Pole sana mangi. Mtoe. Mama mkwe wangu walimlaza hivyo hivyo, kila siku kipimo kipya, mwisho tukamrudisha nyumbani, mwarobaini asubuhi na jioni, leo analima kuliko mimi. Halafu alivyopona akahamia kwangu moja kwa moja. Hilo nalo lifikirie kabla ya kumponya mtu.

Binti Pasua
Hakuna anayetaka kusema? Kapima ngoma? Homa za jioni na jasho la usiku tunazijua. Vijana mnahangaika na mbu wakati mambo mliyafanya wenyewe.

Mtoto wa Kibosho
Dada, kapimwa wodini, hana. Ana mke na watoto, tuheshimiane.

Maabara Usiku
Binti, kupima VVU kwa mgonjwa wa homa ni kazi ya kawaida, wala si hukumu. Wapo wanaoletwa na homa tu, kumbe TB imeshaingia kwenye damu, au fangasi. Ukijua hali ya mtu unajua utafute nini.

Mleta uzi, usimtoe. Nafanya kazi maabara, hizi karatasi za "wadudu wawili na taifodi" zinanipitia kila zamu. Widali, kile kipimo cha taifodi, inashika kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili umetengeneza, na mtu aliyewahi kukutana na vimelea hivyo au jamaa zao anaweza kusoma 1:160 akiwa mzima anacheza bao. Kuhusu malaria, hapahapa Moshi 2007 hadi 2008 walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa hospitali za KCMC na Mawenzi. Waliokuwa wametajiwa malaria na madaktari ni 528. Ambao malaria ndiyo ilikuwa chanzo cha homa kweli ni 14. Kumi na nne, sijakosea kuandika. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine chikungunya, na kati ya 450 waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokanayo na wanyama, 118 walikuwa nayo.

Kwa hiyo nikuulize. Kaka anafuga? Kanywa maziwa mabichi? Kuna mnyama katupa mimba karibuni?

Mtoto wa Kibosho
Mkuu asante kwa takwimu, ila mimi nimeuliza hospitali, wewe unaniuliza mifugo. Kaka ni fundi seremala.

Mzee wa Mbuyuni
Fundi seremala wa Kibosho asiye na mbuzi nyuma ya nyumba? Labda kahamia juzi. Na hiyo malaria wameipata wapi, kwa baridi ile ya kule juu? Mbu wa kule mwenyewe anahitaji sweta.

Ndesa
Mzee usidanganye watu, wa mlimani wanashuka tambarare kila siku. Mimi nililala usiku mmoja tu kwenye mashamba ya mpunga kule chini, nikaipata ya kweli kabisa. Ila hiyo ni hadithi ndefu, na aliyenilaza huko sasa ni mke wa mtu.

Maabara Usiku
Sijajibiwa.

Mtoto wa Kibosho
Sawa. Anao mbuzi wa maziwa, wachache. Kuna mmoja alizaa vibaya, mtoto akatoka amekufa, kondo likagoma. Kaka akaingiza mkono akalitoa. Ndiyo, mikono mitupu, nani ana glavu kihambani? Wiki iliyofuata mwingine naye akatupa. Lakini hii ni kama wiki tatu zimepita, na homa imeanza juzijuzi, ndiyo maana sikuona uhusiano.

Maabara Usiku
Wiki tatu ndizo zenyewe. Bruselosi na homa ya Q, magonjwa ya bakteria yatokayo kwa mifugo, zote mbili hazina haraka, homa inaweza kuanza wiki mbili tatu baada ya kushika, na bruselosi hata miezi. Zote zinapenda kondo na maji ya uzazi ya mbuzi, ng'ombe na kondoo. Bruselosi inapita pia kwenye maziwa yasiyochemshwa. Homa ya Q haihitaji hata kugusa, vumbi la banda linatosha. Daktari kaambiwa?

Mtoto wa Kibosho
Hajauliza.

Maabara Usiku
Mwambie. Usiku huu, nesi wa zamu aandike kwenye faili. Vimelea vya bruselosi vinaota polepole, maabara isipoambiwa inaweza kuitupa sampuli mapema. Na zile sindano za taifodi mlizotangulia nazo zinaweza kuficha majibu, zitajeni pia. Ikiwa ni bruselosi dawa zake ni mbili kwa pamoja, wiki sita. Huko zahanati mnakotaka kurudi atapewa mseto mwingine, atatulia siku mbili, homa irudi.

Lema Mdogo
Si ndiyo ile ya Lindi 2022, watu wakatoka damu puani?

Maabara Usiku
Ile ya Ruangwa, hukohuko Lindi, ilikuwa homa ya mgunda, inatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ila hata hiyo ipo huku, na homa ya kupe ipo. Ndiyo maana madaktari wanasema tusubiri, homa zote zinavaa shati moja.

Mtoto wa Kibosho
Nimewaelewa, lakini nanyi nieleweni. Nikimwambia daktari, atamwambia bwana mifugo, bwana mifugo atakuja kufunga banda. Wale mbuzi ndio ada za watoto. Na dereva wa noa nimeshamlipa nusu, kesho asubuhi anakuja kumchukua. Zahanati wamesema watampokea. Siyo kwamba nimekurupuka, nimefikiria.

Shuhuda wa Soko
Jamani, hii chai, tena haina hata tangawizi. Eti sijalala, nipo wodini, kaka anatetemeka, na bado unapata muda wa kujibu kila mtu kwa aya nzima? Kwanza fundi seremala, halafu mbuzi, halafu kondo, halafu wiki tatu zimeangukia palepale panapotakiwa. Mtu anatafuta wafuasi.

Ndesa
Nami nimeanza kunusa majani. Mtu akiuguza hakumbuki koma.

Meku Mstaafu
Kama ni chai mnirudishie pole yangu.

Kiberenge
Wakuu, si chai. Ingekuwa chai ingekuwa afadhali. Nimebonyeza jina lake nikaangalia alichoandika huko nyuma. Ijumaa yupo jukwaa la biashara: "Mbuzi wa maziwa wanne, wanakamuliwa, bei ya kuondokea, Kibosho." Jumapili asubuhi kabadilisha, "wamebaki wawili". Jumapili si ndiyo siku kaka kalazwa?

Shuhuda wa Soko
Daah.

Binti Pasua
Kumbe unauza ugonjwa! Na mimi nilikuwa nakuombea hapa.

Mtoto wa Kibosho
Msinihukumu. Waliotupa mimba sijawauza, hao ndio waliobaki. Niliowauza walikuwa wazima, wanakula vizuri. Hospitali ilitaka kianzio, mlitaka nikope wapi? Hata kaka mwenyewe alikubali.

Maabara Usiku
Mbuzi anaweza kula vizuri na bado akatoa vimelea kwenye maziwa. Bwana mifugo nimefanya naye kazi, huwa anakuja na sindano ya kuchukua damu, pingu haji nazo. Sasa nani anakamua hao wawili kaka akiwa wodini?

Mtoto wa Kibosho
Shemeji.

Mama Imani wa Rau
Nimekaa kimya tangu mwanzo. Shemeji yako yukoje? Ana mimba?

Mtoto wa Kibosho
Ya miezi mitano.

Mama Imani wa Rau
Mpigie simu atoke bandani sasa hivi. Mimi ni mkunga, haya magonjwa hayatupi mimba za mbuzi peke yake. Banda lisifagiwe na mtu yeyote mpaka wapimwe. Maziwa asinywe, na watoto pia, labda yachemke hadi yapande juu ya sufuria. Kesho mlete na yeye hospitali, mwambie daktari yuleyule wa mumewe. Hiyo noa umeshailipa nusu, itumie kumleta yeye badala ya kumtoa kaka.

Kiberenge
Na wale wawili waliouzwa wameenda wapi?

Mtoto wa Kibosho
Wote kwa mama mmoja wa Kiboriloni. Alisema mtoto wake anakataa maziwa ya ng'ombe.

Kiberenge
Namba yake unayo?

Mtoto wa Kibosho
Ninayo. Ila atataka hela yake, na hela ipo dirishani kwa mhasibu. Nesi kaingia, ngoja nimwambie kwanza hili la kondo, hayo ya Kiboriloni tutayaongea.

Kiberenge
Hatuyaongei, unapiga. Uzi haufungwi mpaka uandike hapa amesemaje.

Mzee wa Mbuyuni
Viongozi wa jukwaa, futeni na lile tangazo la Ijumaa. Kuna mtu kauliza bei dakika kumi zilizopita.