Naomba ushauri: shule ya kikapu Marekani haimfai kijana, ahamishwe vipi?

Assalam aleikum ndugu zangu. Mpwa wangu wa miaka 16, mtoto wa Tudor hapa Mombasa, yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi (F-1), shule ya binafsi, kwa ajili ya mpira wa kikapu. Mazoezi ni mara mbili kwa siku. Masomo ni saa mbili tu mbele ya kompyuta. Picha aliyotuma juzi yaonyesha daftari la hisabati lenye kurasa tatu zilizoandikwa, na huu ni muhula wa pili. Hilo latutisha kuliko kukosa namba kwenye timu, maana vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, vyataka masomo 16 ya msingi, 10 yakamilike kabla ya mwaka wa mwisho.

Tunajua asiondoke kabla rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, haijahamishwa. Apate kwanza barua ya shule nyingine iliyoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni, ndipo shule ya sasa iachilie rekodi, kisha shule mpya imtolee I-20 mpya, yaani hati ya shule inayoshikilia viza yake ya uanafunzi.

Tulipokwama: shule yashikilia matokeo mpaka deni la bweni lilipwe. Kuna aliyeachiliwa rekodi deni likiwa bado? Na hati ya mlezi mpya, iandikwe na wakili wa hapa Mombasa au wa kule?