Kambi ya Naivasha na watoto: baiskeli zetu au za kukodi, ndani ya Hell's Gate au kando ya ziwa?

MamaTumaini (Nairobi)

Hamjambo wote. Likizo ya Agosti tunaenda Naivasha siku nne: mimi, baba watoto, Tumaini wa miaka 9 na mdogo wake Baraka wa miaka 4. Hema tunalo. Safari hii watoto wanataka baiskeli tu, na mimi nataka warudi nyumbani wazima, kwa hiyo naomba mnisaidie kulinganisha.

Kwanza pa kulala. Tupige kambi Naiburta, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, au kwenye kambi mojawapo kando ya ziwa, Moi South Lake Road, kisha tuingie mbugani siku moja tu? Pili, tubebe baiskeli zetu kwenye gari (ya Tumaini ni ya inchi 20, na ipo ya baba yake), au tukodi zote langoni Elsa? Tatu ni Baraka: akae kwenye kiti juu ya keria, au aendeshe kabaiskeli kake kenye vigurudumu vya pembeni?

Niseme pia kinachonitia hofu, na si wanyama. Mwaka jana tulikuwa kwenye kambi moja ya familia ambayo sitaitaja. Saa kumi na mbili na nusu jioni, moshi wa majiko umetanda, watoto kama saba wanazunguka na baiskeli. Tumaini akakata kona katikati ya hema mbili. Kamba ya kijani juu ya nyasi za kijani, hakuiona. Ilinasa usukani, baiskeli ikasimama, yeye akaruka mbele. Alivunjika mfupa wa mtulinga. Kofia yake ngumu ilikuwa hemani, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, "Si ni hapa hapa tu." Hadi leo namkumbuka akiwa amekaa chini ameshika bega, hata halii.

Mwenyeji_Ziwani (Naivasha)

Pole sana Mama Tumaini, na karibuni kwetu. Mimi hutembeza wageni Hell's Gate, nitakujibu la kambi.

Kando ya ziwa kuna raha yake: maji ya bomba, vyoo vizuri, kivuli cha migunga mikubwa ya manjano, na watoto wenzao wa kucheza nao. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni viboko. Jua likizama wanatoka majini kula nyasi, na ndiyo maana kambi za ufukoni huwa na waya wa umeme. Mtoto asipite na baiskeli upande wa ziwa wa ule waya, hata mchana. La pili ni barabara. Moi South Lake Road ina malori, mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, matatu na boda boda, na pembeni hakuna nafasi ya mtoto. Wageni wengi huniambia, "Ni kilomita chache tu hadi langoni, tutaendesha." Na watoto? Hapana. Pakieni baiskeli garini hadi Elsa.

Naiburta ni kinyume chake. Pametulia, usiku unasikia upepo tu, na asubuhi mnapanda baiskeli mkitoka hemani. Lakini bebeni kila kitu wenyewe, maji hasa. Nyani wapo, kwa hiyo chakula kisionekane kwenye kikapu cha baiskeli. Nyati pia wapo. Mkiwaona karibu na njia, simameni, msijaribu kupita kwa kasi. Subirini gari, mpite nalo likiwa kati yenu na nyati.

Njia ya kutoka Elsa hadi korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8, pana, ya vumbi na changarawe. Mnapita Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba, mapema kabisa, pundamilia na ngiri wako pale pale pembeni. Mtoto wa miaka 9 anaiweza akipumzishwa. Kinachowashinda wengi ni kurudi, jua la saa saba likiwa utosini. Ingieni saa kumi na mbili asubuhi lango likifunguliwa.

La mwisho, na hili sitanii. Korongoni msishuke na watoto kukiwa na dalili yoyote ya mvua, hata kama inanyesha mbali na nyinyi mko kwenye jua. Maji hushuka ghafla kutoka juu na kwenye kuta pa kupandia ni pachache. Aprili 2012 vijana 7 wa kanisa walifia mle, na Septemba 2019 watu 7 tena. Agosti kwa kawaida ni kavu, lakini muulizeni askari wa mbuga siku hiyo hiyo.

FundiKeria (Thika)

Baiskeli: za watu wazima kodini, ya mtoto bebeni yenu. Nawaeleza sababu.

Pale langoni baiskeli za watu wazima ni nyingi, unaweza kukataa tatu ukachukua ya nne. Za watoto ni chache, na mara nyingi utapewa iliyo kubwa kidogo, "ataizoea." Mtoto asiyegusa chini kwa miguu yote miwili hawezi kusimama vizuri kwenye changarawe. Ya kwake anaijua, na breki zake anazijua.

Na hapo kwenye breki ndipo watu wanapoumia bila kujua kwa nini. Baiskeli nyingi za mtumba zilizoko Kenya zilitengenezewa nchi ambako breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Nyingine, za mtindo wa Uingereza, breki ya mbele iko kulia. Langoni unakuta zote zimechanganyika. Mtu amezoea kubana kulia kwa ajili ya gurudumu la nyuma, anafika kwenye mteremko wa changarawe, anabana, kumbe ni la mbele, linateleza, anakwenda chini. Kabla ya kupanda, sukuma baiskeli kwa mkono, bana moja moja, angalia gurudumu gani limeshika. Dakika moja tu.

Ya Tumaini ikague wiki moja kabla, usingoje siku ya safari. Kwenye kishikio cha breki za watoto kuna skrubu ndogo inayosogeza kishikio karibu na usukani. Watoto wengi hubana kwa ncha za vidole kwa sababu hakuna aliyeigusa skrubu hiyo. Akiweza kufunga vidole viwili vizuri bila kunyoosha mkono, iko sawa.

Beba pampu, viraka, gundi, na tyubu moja ya akiba ya inchi 20, maana hiyo huko huipati. Miiba ya migunga haina huruma. Ukipata pancha, usirudishe tyubu kabla hujapapasa tairi kwa ndani polepole, mwiba huwa bado uko humo. Na usijaze upepo hadi tairi liwe kama jiwe, kwenye mchanga litachimba na kuyumba.

NasraKöln (Ujerumani)

Salaam kutoka Köln. Mimi nimezaliwa Nakuru, wanangu wawili wamekulia kwenye kambi za huku, kwa hiyo nimejaribu njia zote za kumbeba mtoto wa miaka minne.

Kiti cha nyuma: vingi vimeandikwa mwisho kilo 22. Mpime Baraka kwanza, miaka minne wengine wanakaribia hapo. Faida yake ni kwamba yuko nawe, mnaongea. Hasara ni uzito kuwa juu, baiskeli inayumba, hasa ukienda polepole kwenye mchanga.

Kigari cha kuvuta nyuma: huku ndicho nilichokipenda. Kiko chini, baiskeli ikianguka chenyewe kinabaki kimesimama. Lakini kwenye barabara yenye mawimbi ya changarawe mtoto anatikisika sana, na vumbi lote la gurudumu lako linamwendea usoni.

Vigurudumu vya pembeni: kwa kambi, mimi sivitaki. Ardhi ikiinama kidogo, au kimoja kikiingia kwenye shimo, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, na kama breki iko nyuma basi hana breki. Afadhali vitolewe pamoja na pedali, kiti kishushwe, asukume kwa miguu. Wangu walijifunza kushika mizani hivyo ndani ya wiki mbili.

Kuhusu kambi zenyewe, huku kanuni ya kawaida ni magari kwenda mwendo wa mtu anayetembea, na saa za kupumzika mchana kambi nyingi hufunga lango kabisa, gari halitembei. Hata barabarani, sheria ya Ujerumani inamtaka mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 aendeshe njia ya waendao kwa miguu, au njia ya baiskeli iliyotengwa na barabara. Kwa hiyo usione haya kumwomba mwenye kambi aweke kikomo cha mwendo wa magari. Hajakufanyia hisani.

BabaZuhura (Mombasa)

Asalaam aleikum. Nasra amesema vyema, ila kwa kiti cha keria naongeza onyo, kwani sisi pwani ndivyo tunavyowabeba watoto tangu zamani, na mara nyingi hata kiti hamna.

Mguu, Mama Tumaini. Mguu ndio tatizo. Zuhura alikuwa na miaka mitano, nimempakia kwenye keria tupu kwenda dukani. Akasinzia, mguu ukaingia kwenye spoki. Nilisikia gurudumu limekaza tu, nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi nikidhani ni cheni. Ngozi ya kisigino ilitoka yote. Miezi miwili ya kufunga dawa. Kwa hiyo kama ni kiti, kiwe kile chenye bamba linalofunika miguu pande zote na mikanda ya kufunga nyayo. Kumfunga mtoto kwa leso kiunoni kwako hakusaidii kitu, ukianguka mnaanguka pamoja naye hawezi hata kujikinga.

Jambo jingine: mtoto hapandi mpaka wewe umeshika baiskeli kwa mikono miwili, na ukitaka kusimama, yeye ndiye wa kwanza kushuka. Ile standi ya mguu mmoja haimudu mtoto aliyekaa juu. Nimeona imezama kwenye mchanga na kiti kikaenda chini na mtoto ndani.

MwalimuSkauti (Nakuru)

Mama Tumaini, nilikuwa nangoja mtu agusie lile lililokupata, maana wengi wanazungumzia mbuga na wewe umeumizwa kambini. Mimi hupeleka skauti kambini kila likizo. Pigeni kambi popote mtakapo, lakini saa ya hatari ni moja: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja jioni. Kwetu huku karibu na ikweta giza haliji kwa hatua. Jua likishazama, ndani ya nusu saa humwoni mtoto aliye hatua ishirini. Na ndiyo saa magari yanarudi kutoka matembezini, yanarudi nyuma kutafuta nafasi kando ya hema, dereva amechoka, kioo kina vumbi. Mtoto kwenye baiskeli ya inchi 20 haonekani kabisa nyuma ya gari refu.

Kwa hiyo kwetu, saa kumi na mbili kamili baiskeli zote zinalazwa chini mahali pamoja. Hakuna mjadala, hata kwa skauti wa miaka 16. Kabla ya saa hiyo, nachagua njia moja ya kuzunguka, upande mmoja tu, mbali na mahali pa kuegesha magari na mbali na majiko. Natembea kwa miguu na watoto, wao ndio wananionyesha hatari: shina hili, kamba ile, bomba la maji. Mtoto aliyeitaja hatari kwa mdomo wake haisahau.

Kamba za hema nafunga vitambaa vyeupe, viwili kila kamba, kimoja juu kimoja karibu na kigingi. Na kijiti chembamba chenye kitambaa chekundu nyuma ya kila baiskeli, kipite kichwa cha mtoto. Kofia ngumu inavaliwa mguu ukivuka baiskeli na kuvuliwa mguu ukishuka. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Ile ya Tumaini ilikuwa hemani, kwa hiyo bado nzuri. Ingekuwa kichwani siku ile ikagonga, ungenunua nyingine.

Kwa chaguo lako, mimi nasema kando ya ziwa usiku wa kwanza wazoee, kisha Naiburta. Fundi ana maoni gani?

FundiKeria

Nakupinga hapo Mwalimu. Kuhamisha hema katikati ya safari na mtoto wa miaka minne ni kazi ya nusu siku. Wakae Naiburta tu. Wanaozunguka na baiskeli huko watakuwa wachache, magari machache.

Mwenyeji_Ziwani

Ni kweli ni machache, lakini kambi ya mbuga haina uzio. Kwa mtoto wa miaka minne anayesukuma kabaiskeli kake mwenyewe jioni, mimi ningechagua uzio. Mchana mbugani, usiku ziwani.

MamaTumaini

Nimesoma yote mara mbili, na Baba Tumaini amesoma pia. Asanteni kwa moyo mlioutoa. Baba Zuhura, pole kwa binti.

Tumeamua hivi. Tutalala kando ya ziwa siku zote nne, mahali penye waya wa umeme, na nimeshampigia mwenye kambi kumuuliza magari yanaegeshwa wapi. Amesema kuna kona haipitiwi na gari, tutapewa. Mbugani tutaingia siku mbili asubuhi, baiskeli ya Tumaini garini hadi Elsa, sisi wakubwa tutakodi. Baraka nimempima: kilo 17. Atakaa kwenye kiti chenye bamba la miguu, nyuma ya baba yake, hadi Fischer's Tower tu kisha warudi. Korongoni hatushuki mwaka huu. Vigurudumu vya pembeni tumevitoa jana pamoja na pedali, leo jioni ameserereka kutoka lango la ploti hadi ngazini bila kuweka mguu chini.

Fundi, ile skrubu nimeiona. Ilikuwa haijawahi kuguswa, imeota kutu. Na Mwalimu, shuka nyeupe la zamani limeshachanwa, Tumaini mwenyewe ndiye anayehesabu vipande. Anasema kamba za hema letu ni kumi na mbili na anataka vitambaa vitatu kila kamba, si viwili.