Darasa la mtoto wangu lina watoto 94, nimtoe ama nivumilie?

Mama wa Pipeline
Wazazi wenzangu hamjambo, naomba mawazo yenu juu hii kitu imeninyima usingizi. Niko na kijana Gredi ya 4 kwa shule moja ya serikali huku Embakasi, jina nitaliacha. Wiki jana alisahau kitabu nikampelekea, nikafika mpaka mlango wa darasa. Nilihesabu nikarudia, watoto 94, mwalimu mmoja. Deski ya wawili imekaliwa na wanne, wa mwisho mguu uko nje. Wangu nilimpata nyuma kabisa amesimama, kitabu ameweka kwa mgongo wa mwenzake ndio aandike. Nilirudi nyumbani na machozi. Jioni nikafungua daftari la Hisabati, tangu muhula uanze limemakiwa mara tatu. Simlaumu mwalimu hata kidogo, madaftari 94 kwa kila somo, huyo mtu atalala saa ngapi?

Sasa chini ya ploti yetu kuna akademi, darasa lina watoto ishirini na kitu, wanaitisha elfu 8 kwa muhula na chakula ni juu yako. Mimi nauza mtumba kando ya Outering, mzee ni fundi wa vyuma, leo kazi iko kesho haiko. Huko shuleni kijana anakula kile chakula cha kaunti cha shilingi 5, anagusa bangili anapewa sahani. Nikimtoa hiyo inaisha, na mdogo wake anaingia Gredi ya 1 Januari. Nimtoe? Na kama ni kuvumilia, kuna kitu mzazi anaweza kufanya ama ni kuangalia tu?

Baba Watatu
Pole sana dada. Piga hesabu kwanza, elfu 8 mara mihula mitatu mara watoto wawili ni elfu 48 kwa mwaka, hujanunua kiatu wala kalamu.

Jirani wa Kware
Mimi nilitoa wangu kwa hasira hivyo hivyo, na nakuambia ukweli, muhula wa kwanza ulikuwa raha, msichana anasoma anajibu mpaka nikawa najisifu kwa kanisa. Wa pili kazi ikapotea. Alirudishwa nyumbani kwa karo mara tatu, anakaa siku nne anaangalia wenzake dirishani wakienda, na kurudi serikali ikawa kutafuta nafasi upya kama mgeni. Kama huna uhakika wa karo ya mwaka mzima usianze. Na hiyo nyumba yenyewe iangalie mamangu. Ngazi ni ngapi, mlango wa darasa unafungukia nje ama ndani, juu kumeongezwa chumba cha mabati na mbao? Ile shule ya Ng'ando hapa Nairobi ilianguka asubuhi Septemba 2019, watoto walikufa wakiwa darasani, na ilikuwa ya bei nafuu kama hiyo. Uliza pia kama imesajiliwa na inaweza kuingiza mtoto kwa mtihani wa Gredi ya 6 wa KNEC, lile baraza la mitihani, kwa jina lake yenyewe, usije ukaambiwa dakika ya mwisho anaenda kukalia kwingine.

Mwalimu wa Primari
Mimi nafundisha, si shule yako lakini ni Nairobi hii hii, na hiyo 94 haijanishtua, niko na 87. Wacha nieleze venye tulifika hapa. Elimu ya bure 2003 ilijaza watoto kwa madarasa yaliyojengwa zamani, hiyo mnajua. Chenye wengi hawajaona ni kwamba darasa la nane lilikuwa likimaliza linaondoka, chumba kinabaki. Januari 2023 Gredi ya 7 ikaletwa ndani ya primari, ikafuata ya 8, ikafuata ya 9, sasa watoto wanakaa kwetu mwaka mmoja zaidi na hao wakubwa wanahitaji vyumba vyao na mahali pa sayansi. Chumba kilitoka wapi? Mikondo miwili ya Gredi ya 4 inaunganishwa inakuwa mmoja. Pesa ya serikali kwa mtoto wa primari ni shilingi 1,420 kwa mwaka, hiyo haijengi hata ukuta. Na huko kwenu ghorofa zimesimama mlango kwa mlango, shule ikitaka kupanuka itaenda wapi.

Kuhusu kijana, kesho usiende na malalamiko, nenda na ombi. Mwambie mwalimu wake umeona anasimama, muulize kama wanaweza kubadilishana viti kila wiki, wa nyuma waje mbele. Mimi nafanya hivyo na inasaidia. Mpime macho pia, mtoto wa nyuma hunakili kwa jirani mpaka unasahau kwamba ubao haoni.

Mama wa Kayole
Dada usikae kuangalia. Kwetu ilikuwa hivyo, na kila mzazi alikuwa anaenda ofisini peke yake, analia, anarudi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema kila mzazi mwenye mtoto pale ni memba wa Chama cha Wazazi, na kila darasa lina mwakilishi kwa kamati, halafu wazazi 6 wanachaguliwa waingie bodi. Wenu wa Gredi ya 4 ni nani? Sisi wetu hatukumjua mpaka tukamtafuta.

Tulianza na kuhesabu. Watoto kila darasa, deski, vyoo. Kiwango ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30, kwetu wasichana walikuwa wanapanga laini breki inaisha hawajaingia, wengine wameacha kunywa maji asubuhi wasibanwe, mtoto wa miaka tisa anajinyima maji! Hiyo ndiyo iliamsha wazazi kuliko deski. Tukaandika barua moja, bodi ikaipitisha ikaingia kwa minitsi, nakala ofisi ya elimu ya sabkaunti na ya NG-CDF, ile pesa ya maendeleo ya eneo bunge. Mkutano wa wadi ulipoitwa tukaenda wamama 17 tukakaa mbele, kila mmoja na ile karatasi ya hesabu. Madarasa mawili yalijengwa lakini ilichukua karibu miaka miwili, mkubwa wangu hakuyakalia, mdogo ndiye yuko ndani.

Jirani wa Kware
Miaka miwili kijana atakuwa Gredi ya 6 na Hisabati hajui. Lazima kuwe na kitu cha saa hii.

Baba Watatu
Kwa ploti yetu tulichanga, familia sita, kuna msichana alimaliza Fomu Foo anakaa na watoto saa moja jioni, shilingi 30 kila mtoto. Anamaki kila kitu. Hakuna kitu spesheli, anaangalia tu daftari la kila mmoja.

Mama wa Pipeline
Asanteni sana, Mungu awabariki. Akademi nimeiacha kwa sasa, hiyo 48 nimeiangalia mara mbili mbili. Hiyo ya maji imenigusa, nimemuuliza kijana saa hii akaniambia hata yeye hanywi. Jumatatu naenda kwa mwalimu na ombi la viti, halafu nitafute huyo mwakilishi. Naogopa kidogo kwenda peke yangu.

Mama Mapacha
Nimesoma yote kimya. Hiyo shule ni ile ya geti ya kijani karibu na steji? Wangu wako hapo, Gredi ya 2, wako 101. Nitumie inbox tupatane getini saa moja.