Xbox Series X ina teraflopi 12, PS5 ina 10: je, tofauti hiyo inaonekana kwenye televisheni?

Mwenye Ukumbi (Arua) ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nina ukumbi mdogo wa gemu hapa Arua, wenye PS4 mbili ambazo zimefanya kazi kila siku kwa miaka mingi, na sasa nimeweka akiba inayotosha mashine moja mpya. Wateja wangu ni vijana, na wamegawanyika vikali. Kundi moja linasema kwamba Xbox Series X ina teraflopi 12 na PS5 ina 10, na kwa kuwa kumi na mbili ni zaidi ya kumi, mjadala umekwisha. Kundi la pili linajibu kwamba wamecheza kwenye mashine zote mbili na hawajaona mahali ambapo PS5 imeachwa nyuma.

Naomba kuelewa mambo matatu kabla sijatoa fedha. Kwanza, teraflopi inapima nini hasa? Pili, tofauti hiyo itaonekana kwenye televisheni zangu, ambazo ni za inchi 43 na za 1080p, yaani zenye nukta (pikseli) 1920 kwa 1080? Tatu, kijana mmoja anasisitiza kwamba kasi ya PS5 hupanda na kushuka, na kwamba katika joto letu la mchana, hasa mwezi wa pili, itakuwa dhaifu kuliko ilivyoandikwa. Je, ni kweli?

Fundi wa Saketi (Jinja) amejibu:

Ndugu yangu wa Arua, namba hiyo haikupatikana kwa kupima mchezo wowote; imepatikana kwa kuzidisha, na wewe mwenyewe unaweza kuirudia kwenye kikokotoo cha simu. Chipu ya michoro ya Series X ina vitengo 52 vya kukokotoa, kila kitengo kina vikokotozi 64, kila kikokotozi hufanya hesabu mbili kwa kila pigo la saa, na saa hiyo hupiga mara bilioni 1.825 kwa sekunde. Zidisha vyote na utapata hesabu trilioni 12.15 kwa sekunde, yaani teraflopi 12.15. PS5 ina vitengo 36 tu, lakini saa yake hufika mapigo bilioni 2.23, kwa hiyo inafikia trilioni 10.28. Mmoja ana wafanyakazi wengi wanaokwenda kwa mwendo wa wastani, mwingine ana wachache wanaokwenda mbio.

Kwa hiyo teraflopi ni kama kuhesabu vibarua shambani na kasi ya majembe yao bila kuuliza kama mbegu zimefika. Mbegu hapa ni data inayotoka kwenye kumbukumbu. Zote mbili zina gigabaiti 16, lakini Series X imegawanya zake: gigabaiti 10 zinasomwa kwa kasi ya gigabaiti 560 kwa sekunde, na 6 zilizobaki kwa 336. PS5 inasoma zote kwa 448. Mtengenezaji wa gemu akipanga vizuri, mpango wa Xbox unampa faida. Akipanga ovyo, faida hiyo inapungua. Zaidi ya hayo, sehemu za chipu zinazopaka pikseli za mwisho hufuata mapigo ya saa ileile, kwa hiyo katika kazi hiyo PS5 ndiyo iliyo mbele. Kwenye diski ya SSD, inayohifadhi gemu, pengo ni kubwa zaidi, kwani ya PS5 husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde na ya Series X 2.4, kabla ya kuhesabu data iliyobanwa. Katika viini vya kichakato kikuu Series X inaongoza, lakini kwa kiasi kidogo: mapigo bilioni 3.8 kwa sekunde dhidi ya 3.5.

Kuhusu joto, kijana wako ameshika nusu ya maelezo. Ni kweli kwamba kasi ya PS5 hubadilika. Lakini Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hiyo, alieleza mwezi Machi 2020 kwamba kinachoibadilisha ni kazi ambayo chipu inafanya na umeme ambao kazi hiyo inahitaji. Joto la chumba halihusiki. Ilipangwa hivyo makusudi, ili PS5 ya Arua na PS5 ya Oslo zitoe picha sawa katika mchezo uleule. Vumbi likiziba feni, mashine itatoa onyo la joto na hatimaye kujizima. Hilo ni tatizo la usafi, na linaikumba mashine yoyote.

Dada wa Ntinda (Kampala) amejibu:

Naongeza historia kidogo, kwa sababu wanaodharau namba kabisa nao wanakosea. Mwaka 2013 PS4 ilitoka na teraflopi 1.84, na Xbox One ikatoka na 1.31. Hiyo ni tofauti ya asilimia 40, na juu yake PS4 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5, wakati mwenzake alitumia DDR3 ya polepole iliyosaidiwa na megabaiti 32 za haraka ndani ya chipu. Matokeo yake yalionekana mwaka uleule: Call of Duty: Ghosts ilichorwa kwa 1080p kwenye PS4 na kwa 720p kwenye Xbox One. Hesabu pikseli zake, ndugu yangu: milioni 2.07 dhidi ya laki tisa na ushee. Mtu aliyekaa kwenye sofa aliona ukungu kwenye nyuso za askari bila kuambiwa na yeyote.

Safari hii tofauti ni asilimia 18, na chipu zote mbili zimetoka kwa kampuni moja, AMD, zikiwa za ukoo mmoja. Ndiyo maana wateja wako wanabishana. Mwaka 2013 ubishi wa namna hiyo haungefika mbali.

Mwalimu wa Kompyuta (Gulu) amejibu:

Nakubaliana na wenzangu kwa sehemu kubwa, ila Series X isinyimwe haki yake. Chukueni Hitman 3 ya Januari 2021. Ilipotoka, Series X iliichora kwa pikseli 3840 kwa 2160, na PS5 kwa 3200 kwa 1800, yaani Xbox ilikuwa na pikseli asilimia 44 zaidi katika mchezo mmoja, kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde. Hiyo ni nguvu halisi. Ni kweli pia kwamba katika eneo la Mendoza, penye majani mengi, fremu za Series X zilishuka wakati PS5 ilishikilia zake, na jambo hilo linaafikiana na alichoeleza Fundi kuhusu kupaka pikseli.

Sasa rudi kwenye televisheni yako. Ina pikseli milioni 2.07. PS5 katika mchezo huo inachora milioni 5.76, na Series X milioni 8.29, kisha kila mashine inazikusanya ili zitoshee kwenye kioo chako. Kwa umbali ambao wateja wako wanakaa, sioni jicho litakaloweza kutenganisha picha hizo mbili.

Ila nakuonya juu ya Series S, ambayo utashawishiwa uinunue kwa sababu ya bei. Jina linafanana, lakini ina teraflopi 4 na gigabaiti 10 za kumbukumbu, na haina mahali pa kuweka diski. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox kwa sababu watengenezaji walishindwa kuibana skrini ya kugawana watu wawili ndani ya mashine hiyo, na mwishowe ilitolewa kwenye Series S bila sehemu hiyo, iliyokuja kuongezwa mwaka 2025. Kwa mwenye ukumbi, ambaye riziki yake ni watu wawili kwenye kochi moja, hilo si jambo dogo.

Mwenye Ukumbi (Arua) amejibu:

Nawashukuru sana. Jioni nilirudia hesabu ya Fundi mbele ya wateja, kwa chaki kwenye ukuta wa nje, na zilipotokea 12.15 na 10.28 kelele zilipungua kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Jana pia niliazima PS5 ya rafiki na kuiweka kando ya PS4 yangu, televisheni mbili zinazofanana, mechi ileile ya kandanda. Nilitazama wavu wa goli. Kwenye PS4 nyuzi zake zinacheza na kukatika kamera inaposogea; kwenye PS5 kila uzi unabaki mahali pake, na majani ya pembeni mwa uwanja yanaonekana moja moja. Pengo hilo wote waliliona, hata mama anayeuza chapati mlangoni.

Nitachukua PS5 yenye sehemu ya diski, kwa kuwa rafu yangu imejaa diski za PS4 ambazo itazisoma. Padi za zamani nimeambiwa hazikubali gemu za PS5, kwa hiyo akiba iliyobaki itanunua padi ya pili na kidhibiti cha umeme.