Tupeane uzoefu: albamu ya pembeni (nje ya kazi iliyompa msanii jina) uliyoigundua ukiwa umechelewa

#1
Wakuu, mlango wangu mimi ulikuwa gemu la GTA V. Kibandani tunalipia kwa saa, wenzangu wanakimbizana na polisi, mimi nimeganda nasikiliza muziki wa nyuma. Kufuatilia, nikakuta kati ya waliouunda wamo Tangerine Dream, kundi la Edgar Froese wa Ujerumani. Nikasikiliza kazi za kundi mpaka basi, nikajiona nimemmaliza na Froese mwenyewe. Kumbe mzee alikuwa na albamu zake pembeni tangu Aqua ya 1974!

Iliyoniua ni Epsilon in Malaysian Pale ya 1975. Vipande viwili tu, dakika 16 na 17 hivi. Cha kwanza kilinikuta kwenye basi la usiku kutoka Mbeya, kioo kina ukungu, filimbi zinakuja kama zinatoka msituni. Sikutaka tufike.

Nyie je?

#2
Mie ni Ryuichi Sakamoto, mwanamuziki wa Japani. Hapa kwetu Mombasa dada yangu alikuwa akiicheza ile piano yake ya filamu ya Merry Christmas, Mr. Lawrence kila jioni, nikajua ndiyo yote. Halafu nikaangukia albamu yake B-2 Unit ya 1980, wakati huo bado yumo kwenye kundi la Yellow Magic Orchestra. Nilipoona wimbo waitwa Riot in Lagos nilidhani nimebonyeza mtu mwingine. Mdundo wakatika-katika, piano huioni!

#3
Nimeijaribu hiyo Epsilon. Dakika ya 4 nikasinzia. Samahani mkuu.

#1
Haha, usiisikilize umeshiba ugali. Zile filimbi ni Mellotron: kila kitufe cha kinanda kinavuta utepe wake wenye sauti iliyorekodiwa, sekunde kama 8, halafu unaisha. Ndiyo maana zinayumba kidogo.

#4
Niko Bujumbura. Francis Bebey wa Kamerun nilimjua darasani, somo la Kifaransa, kwa riwaya yake ya 1967. Nikajua ni mwandishi, basi. Miaka baadaye nakuta mkusanyo uliotoka 2012 wa muziki wake wa 1975 hadi 1982: mashine ya ngoma, kinanda cha umeme, na sanza, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ndugu ya ile ilimba ya Wagogo. Mwalimu hakutuambia hata neno. Nilimkasirikia kweli.

#5
Mleta mada, swali dogo. Miaka ya 2000 Froese alizirudia albamu zake za zamani, akaongezea sauti mpya juu, akazitoa upya. Wazee wengi hawakumsamehe. Wewe kwenye basi ulikuwa unasikiliza toleo lipi?

#1
Duh. Nimechungulia kwenye simu, jalada langu si lile la 1975. Ngoja nikatafute la kwanza, nitarudi.

#3
Ukilipata niambie. Labda hilo sitasinzia.