Neno "Blighty" la askari wa Kiingereza wa zamani, limetoka wapi?

Mtembeza_Wageni_Tanga
Wadau salaam. Mie natembeza wageni hapa Tanga, na wanaotoka Uingereza wengi wanaulizia makaburi ya vita ya Novemba 1914, ile waliyoshuka Ras Kasone wakachapwa na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Sasa nasoma barua za wanajeshi wa enzi hizo ili nikiulizwa nisibabaike, na kila mara nakutana na neno Blighty. Huyu anatamani kurudi Blighty, yule "kapata Blighty" na hapohapo wanasema kapigwa risasi ya mguu, tena wenzie wanampongeza! Ni mji, ni nishani, ni nini hasa?

Kijana_Chumbageni
Ni Uingereza mkuu, yaani kwao, nyumbani. Nadhani limetokana na blight, ule ugonjwa unaobabua majani ya viazi na nyanya, si unajua kwao mvua na baridi muda wote.

Bint_Ngamiani
Maana umepatia kaka, ila asili siyo hiyo, huo ugonjwa yamefanana matamshi tu. Neno limetoka India. Waingereza walikaa kule miaka mingi wakasikia wenyeji wakisema vilayati, na sehemu nyingine v inageuka b inakuwa bilayati, maana yake kitu au mtu wa kutoka ng'ambo, hasa Uzungu. Soda ilipoingia wakaiita bilayati pani, maji ya Ulaya, na nyanya wakaiita bilayati baingan, biringanya la Ulaya. Askari akalibeba bilayati kwa ulimi wake likawa Blighty.

Na Wahindi nao walilipata kwa Waajemi, Waajemi kwa Waarabu: wilaya, yaani nchi au jimbo lililo chini ya mtawala. Sasa jamani si ndiyo wilaya yetu hii yenye mkuu wa wilaya? Na ndiyo Ulaya yetu pia! Neno moja, kwetu likaingia likazaa mawili. Nenda soko la Ngamiani ulizia viazi, muuzaji atakuuliza vitamu au ulaya, na hivyo ulaya vyenyewe vimeshuka asubuhi kutoka Lushoto, ni mtindo uleule wa biringanya la Wahindi. Mie hili linanifurahisha sana wallahi, Mwingereza anaililia Blighty kumbe anaililia Ulaya kwa neno ambalo bibi yangu angelielewa.

Mwalimu_Mstaafu
Umesema kweli binti yangu. Ongezea na liwali. Hilo ni al-wali, mtawala wa wilaya, mzizi uleule, na Tanga na Bagamoyo zote zilikuwa na maliwali wa Sultani wa Zanzibar. Hata walii, mtu wa Mungu, yumo humohumo.

Kuhusu yule aliyepigwa mguu: hilo ni jeraha la Blighty. Vita ya kwanza, hasa kule Ufaransa na Ubelgiji, mtu alikaa handakini kwenye tope na maiti hajui kesho. Akipata jeraha lisilomuua lakini kubwa kiasi cha kupandishwa meli ya hospitali arudishwe kwao, basi kapata Blighty, na wanaobaki wanamwonea wivu. Wapo waliojipiga risasi wenyewe ya mkono au mguu ili waondoke, na aliyegundulika alipelekwa mahakama ya kijeshi akafungwa. Mwanangu, ukiwaeleza wageni hapo usipite haraka, waeleze watu walikuwa wamefikia wapi mpaka risasi ya mguu ikawa ya kupongezwa.

Mtembeza_Wageni_Tanga
Shikamoo mwalimu, ahsante sana, na wewe dada. Swali la mwisho, hawa waliokuja Tanga na wao walilijua au ni la Ufaransa tu?

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Jeshi lililoshuka Tanga lilitoka India, watu kama elfu 8, wengi Wahindi wenyewe, na kikosi cha Waingereza cha Loyal North Lancashire nacho kilikuwa kimekaa India kabla ya vita. Neno lilizaliwa kwenye kambi za India, Ufaransa ndipo liliposambaa kwa kila askari. Kwahiyo waliolala pale ni wa jeshi lenye neno lake.

Kijana_Chumbageni
Na cheti je? Nasikia Waingereza wanasema chit.

Bint_Ngamiani
Hilo nalo la India, chitthi, barua. Fungua uzi wake kaka tulichambue vizuri.