Hati ya kiwanja kwenye visa ya Uingereza? Huyu wakala wa Dodoma ofisi alipewa na nani?

Wakuu, nimefura. Yule wakala wa masomo ya nje, sina haja ya kumtaja, Dom nzima mnamjua kwa suti zake tatu-kwa-moja kwenye jua la saa nane. Leo ukumbini, kwenye mkutano wake na wazazi, mzazi mmoja kauliza kwa adabu: binti kapata nafasi ya uzamili wa fedha Uingereza, hela ya kuonyesha benki haijatimia, tufanyeje? Jibu: "Mama, ambatanisha hati ya kiwanja cha Ihumwa. Wazungu wanaheshimu ardhi."

HATI. YA. KIWANJA.

Na watu wakapiga makofi!

Wanaotoa visa wanachotaka ni hela benki: ada iliyobaki kwa mujibu wa CAS (uthibitisho wa nafasi unaotolewa na chuo), jumlisha ya kujikimu, ambayo nje ya London ni paundi 1,171 kwa mwezi mara miezi 9. Ikae siku 28 mfululizo, na taarifa ya benki iishie ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Siku ya 20 ukichomoa hela ya gesi, salio likashuka chini ya kiwango, unaanza kuhesabu upya. Akaunti iwe ya mwanafunzi au ya mzazi. Ya mzazi inaambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Ya mjomba haihesabiwi, hata awe mkurugenzi pale Mtumba. Halafu shilingi inabadilishwa kwa kiwango cha OANDA (tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha) cha siku ya maombi, kwa hiyo aliyeweka kiasi kamili bila ziada, shilingi ikiteleza kidogo kaumia.

Sasa kiwanja siku 28 kinafanya nini humo, kinaota mtama? Mama wa watu kaandika kwenye daftari, wakuu. Kapigia na mstari. "Hati ya kiwanja."

Zabibu Kavu: Niko siti ya mbele. Ila mkuu, ukumbini ulikuwepo, ukanyamaza, umekuja kulia huku?

Mleta uzi: Maiki anashika mwenyewe! HATI YA KIWANJA!

Ntyuka Boy: Huyo ana nafuu. Kuna mwenzake bado anawaambia watu mke na watoto watafuata. Tangu Januari 2024 uzamili wa darasani hauna mtegemezi, labda uwe wa utafiti au unafadhiliwa na serikali. Na anawauzia miaka miwili ya kutafuta kazi baada ya kuhitimu, wakati mwenye uzamili atakayeomba kuanzia Januari 1, 2027 anapewa miezi 18. Anayeingia darasani Septemba 2026 apige hesabu mwenyewe.

Mama Chang'ombe: Bima ya afya je? Kozi ya miezi 12 ni paundi 1,164 kwa mkupuo, unalipa wakati wa maombi, visa yenyewe hujaiona. Mawakala wanaitaja mwisho kabisa, ukishatoa hela ya fomu. Na kipimo cha TB mpaka uteremke Dar, cheti kinadumu miezi 6 tu, ukiwahi sana kinakufia mkononi.

Mleta uzi: Sawa dada, ila turudi kwenye kiwanja.

Mgogo Mstaarabu: Haya, turudi. Hicho cha Ihumwa kimepimwa, au ni karatasi ya serikali ya mtaa?

Zabibu Kavu: 😂😂 Hati gani, wengi wana muhuri wa mwenyekiti na namba ya simu ya dalali.

Ntyuka Boy: Madalali wa viwanja ndio wa kuanzishiwa uzi. Wanakuonyesha bikoni (alama za mipaka) za jirani. Kabla ya kutoa hata mia, chukua namba ya kitalu na ya kiwanja, nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi, uone jina la nani limo na kama benki imekishikilia kwa mkopo.

Mleta uzi: Jamani, tunaongelea VISA.

Mama Chang'ombe: Nala wanauzaje siku hizi kwa mita ya mraba?